Supu ya Miaka Kumi na Moja

Oleta Stidham hakuwa na sauti ya kuimba, gari lake lilikuwa la kusukumwa kila baridi ikizidi, na mume alikwisha kumzika. Alichokuwa nacho ni jina. Ukitaja maharagwe ya chupa popote pale Stony Lick, tangu posta mpaka kwenye mashimo ya zamani ya makaa ya mawe, lazima uulizwe: ya Oleta, au ya watu wengine tu? Miaka kumi na tisa mfululizo alitwaa utepe wa buluu kwenye maonyesho ya kaunti, upande wa vyakula vya kuhifadhi, na miaka hiyo hiyo kumi na tisa Mavis Turnbow, jirani yake wa ng'ambo ya kijito, alitwaa utepe mwekundu wa mshindi wa pili. Mavis aliupokea kila mwaka kwa tabasamu la mtu aliyeumwa na nyuki mbele ya wageni.

Penye msiba, chakula hakikuanza kuliwa mpaka chupa za Oleta zifunguliwe. Mgonjwa akitoka hospitali, kitu cha kwanza kumfikia ni mchuzi wa Oleta. Mabinti walioolewa mbali, Ohio huko, walirudi Krismasi na masanduku matupu ili waondoke na nyanya zake. Hajawahi kumtia mtu hata kiungulia. "Mtu anakula kwa kuniamini," alizoea kusema. "Haoni nilichofanya jikoni. Anaona kifuniko tu."

Taabu ya jina jema ni kwamba watu huja kuliazima. Aliyekuja kuliazima la Oleta ni Mchungaji Lyndon Goforth wa Kanisa la Kibaptisti la Stony Lick, na wala hakuwa mtu mbaya, tuseme kweli. Alikuwa mtu wa kupenda kushinda, akapata bahati ya kuajiriwa na Mungu.

Zamani alisikia mahali kwamba wasomi wanasema uhai ulianza wenyewe tu, ndani ya maji ya vuguvugu yaliyochanganyika na hiki na kile, kama supu. Neno supu likamwingia akilini likakataa kutoka. Akaenda kwa Oleta, akaomba chupa moja ya supu ya kuku, safi, iliyozibwa vizuri kuliko zote. Akaisimamisha mimbarini, akatangaza kwamba kama uhai hutoka kwenye supu, basi supu ndiyo hii, ina nyama, ina mafuta, ina chumvi, na sisi subira tunayo. Tungoje.

Wakangoja miaka kumi na moja. Kila Jumapili ya pili ya Agosti ikawa Jumapili ya Chupa. Mwaka mzima chupa ilikaa ofisini kwa mchungaji chini ya kitambaa cha mahameli ya zambarau, na siku hiyo inatolewa, inafunuliwa, na kanisa linaulizwa.

"Mnaona kifaranga humo?"

"Hatuoni," kanisa linajibu.

"Mnaona hata kiroboto?"

"Hatuoni."

"Mnamwona babu yao maprofesa, anawapungia mkono?"

Hapo watu wanacheka mpaka mabenchi yanalia, kisha wote wanatoka nje kula.

Mwalimu Wendell Renfro, anayefundisha baiolojia sekondari ya kaunti, alialikwa kila mwaka ili awepo wa kuchekwa. Alikuja kwa sababu mama mkwe wake alikuwa mshirika pale, na kwa sababu ya kuku wa kuchemshwa na matonge ya unga waliofuata ibada. Kila mwaka aliinua mkono na kusema yale yale, kwa sauti ya mtu anayesoma maelezo ya dawa: kwamba dunia ilikuwa na bahari nzima, na mamilioni ya miaka, na radi, ilhali mchungaji ana chupa moja iliyochemshwa na kuzibwa. "Hiyo inaonyesha kwamba Mama Stidham anajua kuziba chupa," alimalizia. "Basi."

Oleta ndiye mtu pekee aliyeyapenda maneno hayo. Mambo ya bahari hakuyajali. Mungu aliumba dunia kwa siku sita, na yeye alikwisha kulimaliza jambo hilo akiwa na umri wa miaka saba. Lakini sifa ni sifa, hata ikitoka kwa mtu anayedhani shangazi yake ni samaki.

Mwaka huo wa kumi na moja mchungaji alipanda mimbarini uso unang'aa. "Mwalimu," akaita, "mwaka jana ulinililia radi, radi. Leo nina jambo lako. Kaa mkao wa kula." Kisha akavuta kitambaa.

Ndani ya chupa mlikuwa na kitu.

Kilikuwa kinaelea juu ya supu, cheupe mfano wa pamba, kimeota manyoya, na katikati kina kijani. Supu yenyewe, ambayo miaka yote ilikuwa na rangi ya asali, ilikuwa imechafuka kama maji ya kuoshea vyombo. Mzee Orville, ambaye masikio yake yalibaki mgodini, akamuuliza mkewe kwa sauti iliyofika kila pembe: "Kimetoka kifaranga?"

Mchungaji akaifunika chupa, akaifunua tena, sijui alidhani mara ya pili kile kitu kitakuwa kimeondoka. Kilikuwa pale pale. Akaanza kutafuta kwa macho mtu wa kumtwika, na macho yake yakatua benchi la tatu, alipokaa Oleta.

"Wapendwa, msiogope," alisema. "Hakuna kilichozaliwa hapa. Chupa imeingiza hewa tu. Dada yetu Oleta alijitahidi, lakini mikono ya binadamu ni mikono ya binadamu."

Mwalimu Renfro akasimama nyuma. Watu wakajua sasa atashangilia, ndiyo siku yake. Lakini mwalimu yule alikuwa mkweli, na ukweli wake hauna macho, unampiga yeyote aliye karibu. "Mchungaji amesema kweli," alisema. "Huo si uhai mpya, ni kuvu ya kawaida, kama ya mkate. Kuvu inataka hewa. Kifuniko hakikuziba."

Basi tangu dunia iumbwe, au itokee, chagua mwenyewe, dini na sayansi zikakubaliana kwa mara ya kwanza pale Stony Lick. Na walichokubaliana ni kwamba kosa ni la Oleta Stidham.

Oleta aliusikia uso wake unawaka. Alifungua kinywa, lakini mchungaji alikuwa amekwisha kuanzisha wimbo, na wimbo wenyewe ule mrefu.

Watu wa kule hawakutukani usoni. Wanakuambia "Mungu akubariki, mama" kwa sauti ya chini, na ukishaambiwa hivyo ujue umekwisha. Mchana ule ule, kwenye meza za nje, Oleta alibarikiwa mara kumi na nne, na bakuli lake la maharagwe lilirudi nyumbani limejaa kama lilivyotoka.

Alhamisi ukatokea msiba wa mzee Vester Hollin. Oleta alipeleka chupa sita, kama desturi. Hakuna iliyofunguliwa. Walizipanga dirishani vizuri, wakazipamba na kijitawi cha maua, na wakala maharagwe ya kopo kutoka dukani. Maharagwe ya kopo, kwenye msiba wa Vester, ambaye Oleta alimlisha mwaka mzima wa ugonjwa wake. Akirudi nyumbani kwa njia ya nyuma akapita penye bustani ya mjane wa marehemu, akaona chupa zake za mwaka ule wa ugonjwa zimerundikwa tupu, kama thelathini hivi, na nyanya na maharagwe vimemwagwa shimoni. Kuku wa nyumba ile walikuwa wamefungiwa bandani wasije wakavila.

Jioni simu ikalia. Ni mama wa kamati ya maonyesho, sauti tamu kama sharubati. Waliona vema Oleta apumzike mwaka huu. Si kwa ubaya. Mungu akubariki.

Oleta aliketi ngazini kwake akalia. Alilia kwa hasira, pua zinachuruzika, hata hakujifuta. Miaka sabini na mmoja duniani, na kitu kimoja tu alichokifanya vizuri kuliko wenzake, na sasa kuku wanafungiwa wasikionje.

Ijumaa asubuhi akaenda ofisini kwa mchungaji. Goforth alimpokea kwa mikono miwili, akamwekea kiti, akamuuliza habari za magoti.

"Magoti hayajambo," Oleta alisema. "Nataka kuiona chupa yangu."

"Ya nini kujiumiza, Mama Oleta?"

"Niione."

Mchungaji akasitasita, kisha akakivuta kile kitambaa kama mtu anayemfunua maiti. Oleta alivaa miwani, akainama. Kuvu hakuitazama hata kidogo. Alitazama juu yake, na hapo akaona pete.

Yeyote anayehifadhi chakula kwenye chupa anajua jambo hili. Kifuniko ni vipande viwili: bati bapa linaloziba, na pete inayolikaza wakati wa kuchemsha. Chupa ikishapoa, bati linanyonywa chini lenyewe, na pete inatolewa. Ukiiacha inashika kutu, na mbaya zaidi inakuficha usijue bati likiachia. Oleta alifundishwa hivyo na mama yake kwa kupigwa mwiko vidoleni, na katika miaka yote ya maisha yake hajawahi kupeleka chupa rafuni na pete yake. Hii ilikuwa nayo. Mpya, inametameta, imekazwa kwa nguvu za kiume. Na bati lililokuwa chini yake lilikuwa jeupe tupu, bila tarehe aliyokuwa akiiandika kwa kalamu ya nta.

"Nani ameifungua?" aliuliza.

"Hakuna aliyeifungua, mama. Mambo haya hutokea tu."

"Hutokea tu."

"Yenyewe," mchungaji alisema. "Kidogo kidogo, kwa muda. Miaka kumi na moja ni mingi, ujue."

Jamani. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, na mtu huyu alikuwa amehubiri miaka kumi na moja juu ya jambo hilo hilo, kwamba hakuna kitu kisicho na mtengenezaji wake. Sasa pete mpya ya dukani imejivika yenyewe shingoni mwa chupa, na yeye anaapa kuwa ni kazi ya muda mrefu. Oleta alimtazama mpaka akainamisha macho.

"Tuseme hata kama iliguswa," mchungaji alisema, sauti ameishusha, "sisemi iliguswa. Lakini wakijua mwaka huu iliguswa, watasema miaka yote iliguswa. Renfro atatucheka mpaka Lexington. Wewe jina lako Bwana analijua, mama. Hili libebe tu kwa ajili ya Ufalme. Na kwani kuna nini? Ni maharagwe tu."

Angeweza kusema lolote lingine. Oleta alichukua mkoba wake akatoka bila kuaga, na hakuwa amewahi kutoka mahali bila kuaga.

Alipofika nyumbani aliteremka kwenye stoo ya chini, kule alikozoea kukaa mambo yakimzidi, katikati ya rafu zake. Akawa anahesabu tu bila kusudi, mara akakumbuka. Sufuria yake ya presha huchukua chupa saba. Hapakuwa na asubuhi aliyowahi kuchemsha chupa moja, hata kwa ajili ya Mungu. Siku ile alitengeneza saba, moja akampa mchungaji, na zilizobaki Clell, mumewe, alizinywa wakati wa mafua yake. Alizinywa zote? Oleta alianza kusogeza. Alisogeza figili, akasogeza pichi, akasogeza biti za mwaka ambao Clell alikufa. Nyuma kabisa, ukutani, akaipata. Tarehe ile ile, mwandiko wake.

Aliinyanyua kwenye mwanga. Supu ilikuwa safi, rangi ya asali, mafuta yameganda juu kwa utepe mwembamba. Akalibonyeza bati kwa kidole. Halikucheza.

Lakini jicho halionji, na kidole hakinusi. Akiifungua jikoni kwake peke yake, nani atamwamini? Na akiifungua mbele za watu na ikatoa harufu, basi amekwisha kweli, atazikwa na harufu hiyo. Siku mbili alizunguka nayo nyumbani. Aliiweka mezani, akairudisha chini, akaipandisha tena. Usiku wa kuamkia Jumapili aliomba, na ombi lake lilikuwa fupi: Bwana, kama nimewahi kuziba kitu vizuri, kiwe hiki.

Kanisani, baada ya nyimbo, mchungaji aliuliza kama kawaida kama kuna mwenye ushuhuda. Hapo ndipo watu husimama kuelezea mgongo uliopona na mpwa aliyeacha pombe. Oleta akasimama na kikapu. Akaenda mpaka mbele, na juu ya meza ya Bwana akapanga jiko dogo la umeme, kisufuria, mnara wa vikombe vya karatasi, na chupa.

"Dada Oleta," mchungaji alisema, "huu ni wakati wa ushuhuda."

"Ndio huu," Oleta alisema. "Nitafutie pa kuchomeka waya."

Mtu akachomeka. Oleta akaligeukia kanisa. "Chupa hii ni pacha wa ile," alisema. "Zilichemshwa asubuhi moja, sufuria moja. Moja nilimpa mchungaji, moja ilikaa kwangu. Ya kwangu haikuguswa na mtu. Sasa namwomba Mavis Turnbow aje aikague. Hakuna mtu hapa ndani anayetamani kuikuta imeharibika kuliko yeye."

Watu walicheka, wakajikamata. Mavis alikuja mbele polepole, akavaa miwani yake, akaigeuza chupa upande huu na upande huu. Akasoma tarehe. Akabonyeza bati kwa kidole gumba, akabonyeza tena kwa nguvu za miaka kumi na tisa. Kisha akachukua kifungulio akaling'oa, na hewa ikasikika ikiingia ndani, ile sauti fupi ambayo kila mwanamke mle kanisani aliijua kuliko sauti ya wanawe. Mavis akainusa.

"Sema basi," mzee Orville alisema.

"Kuku," Mavis alisema. "Kuku wa jana."

Supu ikachemshwa dakika kumi kamili, kama inavyotakiwa, na dakika zote hizo hakuna aliyeimba wala kukohoa, wanavuta harufu tu. Mchungaji alikuwa amesimama mimbarini amejishika kingo kama mtu aliye kwenye lori bovu. Oleta akamimina, akanywa kikombe chake hadi mwisho mbele yao.

Mavis naye akajimiminia, bila kuombwa. Akanywa, akafuta midomo.

"Nami nina ushuhuda," alisema. "Wiki nzima watu wananipigia simu kunipongeza. Eti mwaka huu ni wangu, eti Oleta hajui kuziba. Nawauliza, kama huyu hajui kuziba chupa, mimi ni nani, niliyeshindwa naye miaka kumi na tisa? Mnanipongeza nini? Msinifanye mjinga kwa ajili ya supu ya mchungaji." Akajaza kikombe cha tatu, akakipeleka mimbarini. "Karibu, Mchungaji."

Hapo ndipo Goforth alipopatikana. Akinywa, amekiri kwamba Oleta anajua kuziba, na kwa hiyo chupa ile nyingine haikuvuja yenyewe. Asiponywa, amekataa mbele ya kanisa zima supu ile ile aliyoihubiri miaka kumi na moja kwamba ni safi na haina kitu. Akanywa.

Na mjue kwamba mtu huyu ni mhubiri kweli, maana kikombe hakijatoka mdomoni amekwisha kuona mlango. Akakiinua juu. "Wapendwa, mmeona?" alisema, sauti imerudi. "Miaka kumi na moja, supu safi. Hakuna kifaranga, hakuna kiroboto. Maprofesa wameaibika tena."

"Amina," walisema wawili watatu, kwa mazoea.

"Amina," Oleta alisema. "Na ile nyingine ilifunguliwa na nani, ikavishwa kifuniko kipya cha dukani na pete yake?"

"Dada Oleta, Shetani hutafuta mwanya kila mahali."

"Shetani haendi dukani kununua kifuniko kipya," Mavis alisema. "Kwanza, nani angemuuzia?"

Katika kicheko kilichofuata, Shemasi Hobart Lykins akasimama benchi la pili. Hobart ana gereji pale njia panda, ni mtu wa mwili mkubwa na siri ndogo ndogo, na hii ilikuwa imemkaa tumboni wiki tano. "Drili ilikuwa yangu," alisema.

"Hobart," mchungaji alisema.

"Hapana, Mchungaji, sili vizuri. Mama Oleta, ni sisi. Mwalimu alisema radi, radi, tukasema basi tumpe radi yake. Nikatoboa kifuniko matundu mawili, nikapitisha misumari, tukaiunga kwa betri ya lori langu. Tuliipiga cheche saa nzima. Haikutokea kitu, tukafurahi. Ila kifuniko kilikuwa kimeharibika, ndipo Mchungaji akasema tutie kingine tukikaze, nani atajua." Akaigeuza kofia mikononi. "Mimi niliuliza kama tuichemshe tena. Aliniambia ni supu tu."

Mwalimu Renfro hakuwapo siku ile, na pengine ndiyo rehema pekee aliyopata Goforth. Mke wa marehemu Vester, ambaye alikuwa amemmwagia Oleta chakula shimoni, aliinama akawa anatafuta kitu mkobani ambacho hakikuwamo.

"Tuombe," mchungaji alisema.

Akaomba kwa muda mrefu. Aliombea umoja, aliombea wagonjwa, aliombea mvua na wanajeshi na rais. Aliwaombea maprofesa wafunguliwe macho. Chupa hakuitaja. Oleta hakufumba macho. Alimtazama muda wote, na kwa mara ya kwanza tangu abatizwe kijitoni alijisemea moyoni kwamba Mungu ni mkweli na huyu si yeye. Lilikuwa wazo dogo tu, lakini lilimpa nafasi ya kupumua.

Ombi lilipokwisha watu hawakuketi tena. Walijipanga mstari mbele ya kisufuria, mmoja mmoja, na vikombe vya karatasi. Mjane wa Vester alikuwa wa nne. Hakuna aliyesema samahani. Kule Stony Lick samahani haisemwi, inanywewa. Supu ilikuwa ya chupa moja, kwa hiyo wa mwisho walipata kijiko kijiko, na mzee Orville alilamba kikombe.

Jumatatu asubuhi simu ya Oleta ililia akiwa anakata maharagwe. Alikuwa Goforth, sauti imepakwa siagi. Aliuliza habari za magoti. Alisema Bwana amegeuza yote kuwa mema, na kwamba kanisa halijawahi kuwa na ibada ya nguvu namna ile. Mwishowe akafika alikokuwa anaenda: Agosti ijayo si mbali, na mimbari imebaki tupu. Je, Mama Oleta angemfungia chupa nyingine? Safari hii hakuna atakayeigusa, anaapa.

Oleta alimsikiliza mpaka akaisha. Hasira ilikuwa imepungua, lakini ile "ni maharagwe tu" ilikuwa bado ina moto.

"Mimi sikupi," alisema. "Lakini njoo Alhamisi saa mbili asubuhi, uje na kuku wako. Jiko langu, sufuria yangu, nitakuonyesha kila hatua. Utamchemsha mwenyewe, utaziba mwenyewe, na juu ya kifuniko utaandika tarehe na jina lako, Lyndon Goforth, kwa herufi kubwa. Uiweke mbele ya watu miaka mingine kumi na moja. Ikikaa safi, utukufu kwa Mungu. Ikioza, ni wewe."

Ndani ya simu Oleta akawa anasikia saa ya ukutani ya ofisini kwa mchungaji. Halafu mchungaji akasema kwamba hilo ni jambo zito, ataliombea kwanza.

Mpaka leo anaomba.